Uzoefu wangu: njia ya matembezi ya katikati ya jiji, mara mbili juu ya kiti mwendo

Kijitabu wanachopewa wageni kina maneno matatu tu kuhusu watu kama mimi: "inafikika kwa wote". Njia yenyewe ina urefu wa takriban kilomita 2.5. Inaanzia kwenye kituo cha mabasi, inakatiza uwanja mkubwa wa jiji na mtaa wa majengo ya kale, inapita mbele ya jumba la makumbusho na kuishia kwenye bustani iliyo kando ya mto. Natumia kiti mwendo cha kuendesha kwa mikono na mabega yangu bado yana nguvu, kwa hiyo tathmini hii isichukuliwe kuwa ya mtu dhaifu kuliko wote. Siku ya kwanza nilikwenda na mdogo wangu pamoja na rafiki yetu asiyeona anayetumia fimbo nyeupe. Siku ya pili nilikwenda peke yangu. Kama ningeandika baada ya siku ya kwanza, njia hii ningeisifu.

Sifa zake nizitaje kwanza, kwa sababu ni za kweli. Kutoka kituoni hadi uwanjani njia ya miguu ina upana wa karibu mita 2, inayotosha viti mwendo viwili kupishana bila mmoja kushuka barabarani, na zege lake ni laini lisilo na nyufa. Vifuniko vya mitaro vina matundu membamba yaliyolazwa kukingama na mwendo, hivyo gurudumu dogo la mbele halizami. Aliyeliwazia jambo hilo nampa heko, maana nimewahi kurushwa nje ya kiti na kifuniko kilicholazwa upande usiofaa.

Kwenye vivuko ndiko mashaka yalikoanza. Ukingo wa njia umeshushwa ili ulingane na barabara, lakini haukulingana. Umebaki mdomo wa sentimita 3 hivi, nao niliupima kwa futi ninayotembea nayo mfukoni, tabia ambayo mdogo wangu huiona kuwa kero. Sentimita 3 kwa mtu anayetembea si kitu. Kwa kiti mwendo, magurudumu madogo ya mbele hugota hapo na kiti kusimama ghafla, ilhali mwili unaendelea kwenda mbele. Siku ya kwanza mdogo wangu alikiinamisha kiti nyuma tukavuka tukiendelea kuzungumza, wala sikukumbuka kuandika chochote kuhusu mdomo huo. Siku ya pili ilinibidi, katika kila kivuko, nirudi nyuma, nishike kasi, kisha ninyanyue magurudumu ya mbele kwa mkupuo mmoja, huku magari yakiwa yamesimama yakinisubiri.

Yakinisubiri, ndiyo, lakini si kwa muda mrefu. Kanuni inayotumika sana katika kupanga muda wa taa za waenda kwa miguu ni mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, na barabara kuu ya hapa ina upana wa mita 14 hivi, kwa hiyo taa ya kijani inatoa sekunde zipatazo 12. Nikiwa nasukumwa zilitosha. Nikiwa peke yangu, baada ya kupoteza sekunde kadhaa kuukwepa msongamano wa watu pale pa kuanzia, nilikuwa bado katikati ya barabara taa ilipogeuka nyekundu. Kitufe cha kuomba kuvuka nacho kimewekwa nyuma ya chungu kikubwa cha maua, na kukifikia nililazimika kukaa kiubavu na kunyoosha mkono hadi bega likalia.

Rafiki yetu alikuwa na malalamiko yake, nayo ni mazito kuliko yangu. Vigae vya kuongozea wasioona vina lugha rahisi: michirizi mirefu humwambia mtu aendelee, na vinundu vya duara humwambia asimame kwa sababu mbele pana hatari au njia panda. Vigae hivyo vilibuniwa na Mjapani Seiichi Miyake mwaka 1965 na kutandazwa barabarani kwa mara ya kwanza mwaka 1967 katika jiji la Okayama, karibu na shule ya wasioona, kwa hiyo mafundi wa popote wamekuwa na zaidi ya nusu karne ya kujifunza namna ya kuvipanga. Hapa uwanjani michirizi ilimwongoza rafiki yetu moja kwa moja hadi kwenye nguzo ya chuma ya kuzuia magari, akajigonga goti. "Nimeambiwa niendelee, nikaendelea," alisema, akilisugua. Zaidi ya hapo, vigae vina rangi ileile ya kijivu ya njia nzima, ambayo haimsaidii mtu mwenye uoni hafifu anayetegemea tofauti ya rangi. Kati ya vivuko vitano tulivyopita, viwili tu vilikuwa na mlio wa kumjulisha asiyeona kwamba taa imegeuka. Katika vile vitatu vingine alituuliza sisi.

Mtaa wa majengo ya kale una mawe ya mviringo kwa mwendo wa karibu mita 300. Najua hoja ya wanaoyalinda: mawe hayo ni sehemu ya historia ya jiji, na mtaa ungepoteza sura yake yakiondolewa. Naikubali hoja hiyo, na mimi mwenyewe nilikwenda pale kuitazama sura hiyohiyo. Lakini mtikisiko wake hufanya misuli ya miguu yangu ikaze yenyewe, nyayo zitoke kwenye vikanyagio, na macho yangu yabaki chini yakitafuta jiwe linalofuata badala ya kutazama majengo. Hakuna anayedai mawe yang'olewe. Ukanda mmoja wa mawe bapa yaliyochongwa, upana wa mita 1.2, ukipita katikati au kando ya mtaa, ungetosha kabisa, na ungewafaa pia wanaosukuma vigari vya watoto na wenye mikongojo.

Mabenchi yapo, mengine yana mahali pa kuegemeza mikono. Bustani ni nzuri na tambarare.

Jumba la makumbusho ndilo lililonitibua. Ngazi za mlangoni zina kimo cha sentimita 45, na pembeni pamewekwa rampu (mteremko wa kupandishia viti mwendo) yenye urefu wa mita 3. Kipimo kinachokubalika kwa kawaida ni mita 12 za urefu kwa kila mita 1 ya kimo, kwa hiyo kimo hicho kilihitaji mita 5.4. Siku ya kwanza mdogo wangu na mpita njia mmoja walinipandisha kwa kicheko. Siku ya pili nilijaribu mara mbili, na mara ya pili kiti kilianza kuinukia nyuma. Mlinzi alishuka haraka, akasema, "Pole, kaka, ngoja nikusukume," akawa ameshika vishikio kabla sijajibu. Alikuwa muungwana, nami nilimshukuru. Hata hivyo nilikuwa nimesafiri peke yangu kwa hiari, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika kifungu cha 9 kinachohusu ufikivu, unaanza kwa kutaja kuishi kwa kujitegemea. Rampu ile ilijengwa kwa mtu anayesukumwa.

Choo cha wenye ulemavu kiko humo ndani. Mlango wake ni mpana na vyuma vya kushikilia viko mahali pake, ila nafasi ya kugeuzia kiti, ambayo inapaswa kuwa duara la sentimita 150, imejaa ndoo na mafagio. Mlango hufungwa, na ufunguo hutunzwa na msimamizi aliye ghorofani, mahali pasipo na lifti. Siku ya kwanza mdogo wangu alipanda kuufuata. Siku ya pili alipanda mlinzi.

Anayekwenda na msaidizi ataifurahia njia hii, mradi ajiandae kwa yale mawe. Anayekwenda peke yake aishie uwanjani, au azunguke kwa barabara ya nyuma hadi bustanini. Huko nyuma ndiko nilikogundua, wakati wa kutoka, kwamba makumbusho yana mlango mwingine mpana, usio na ngazi wala kizingiti, ambao kijitabu hakiutaji. Mlinzi aliniambia ni wa kupitishia mizigo, kisha akanifungulia.