Angel Island na mama: nilivyopanga safari ya kile kituo walichozuiliwa Wachina

Sehemu yenyewe naipa nyota 5 kati ya 5. Mipango yangu mwenyewe naipa 2, na hizo mbili ni za huruma.

Niko Oakland mwaka wa nane sasa na hiki kisiwa nilikua nakiona kwa mbali tu, kilima cha kijani katikati ya maji ya ghuba ya San Francisco, nikajua ni sehemu ya watu kwenda kuendesha baiskeli na kupiga picha basi. Mama alivyokuja kutoka Lushoto kutusalimia nikawa natafuta pa kumpeleka, maana madukani anachoka na lile daraja jekundu alishaliona siku ya kwanza, akasema zuri, akauliza sasa tunaenda wapi. Jamaa mmoja tunayefanya naye kazi, babu yake alitokea Guangdong kule China, akaniambia mpeleke Angel Island, pale kwenye kituo cha uhamiaji ndo babu alipozuiliwa wiki sita kabla ya kukanyaga Marekani. Wiki sita, na mji anauona pale ng'ambo.

Sasa nianze na nilipokosea ili we usikosee. Mara ya kwanza nilienda mwezi wa kwanza na shemeji, siku ya kazi, tukavuka daraja la Richmond mpaka Tiburon, tukalipia parking, tukafika kwenye gati hakuna boti wala mtu. Msimu wa baridi safari zinapungua sana na ratiba ilikua wazi kabisa kwenye mtandao, mi ndo sikuangalia, nikajifanya mwenyeji. Tukala samaki tukarudi. Kwaiyo angalia ratiba ya boti KWANZA alafu ndo uangalie kama makumbusho yako wazi siku hiyo, maana ni vitu viwili tofauti, unaweza ukapata boti ukakuta mabweni waliyolala waliozuiliwa yamefungwa. Boti zipo za kutokea Tiburon, ni kama dakika kumi tu, na zipo za kutokea San Francisco pale Ferry Building. Kama uko na mtu mzima mi nashauri Tiburon, maji hayachezi sana na foleni ni fupi. Na ujue boti ya mwisho ni sa ngapi, andika hata kwenye kiganja, ikikuacha hapo hakuna daraja wala bodaboda.

Kingine nilichojua kimakosa, nilidhani ukishuka boti umefika. Wapi. Boti inakushusha Ayala Cove, kituo chenyewe kiko upande mwingine wa kisiwa, panaitwa China Cove, ni kilomita mbili na ushee kwa mguu na mwanzo wake ni mlima. Kuna njia ya ngazi, zaidi ya mia, na kuna barabara ya kuzunguka. Kuna na kigari cha kubeba watu msimu wa utalii, ila sio kila siku, ulizia kabla kama mna mtu wa magoti au kiti cha magurudumu. Gari binafsi haliingii. Mi nilikua na wasiwasi na mama nikamwambia tupumzike kila baada ya hatua kadhaa, mama wa Lushoto huyo, mtu kazaliwa milimani, kanishika mkono akawa ananivuta MIMI. Nilikua nahema kama gunia limetoboka na yeye anauliza huo mlima mliosema uko wapi.

Bebeni maji na chakula. Kule Ayala Cove kuna mgahawa ila unategemea msimu, na ukishaondoka pale hamna kitu. Sisi tulikua na chapati na chupa ya chai, tukakaa kwenye meza za mbao tukala tunaangalia maji. Na jaketi, hata kama Oakland kuna jua, upepo wa pale hauna adabu.

Haya, kituo chenyewe.

Kwa kifupi ilikua hivi. Wachina walikuja California kutafuta dhahabu, alafu wakajenga reli, ile iliyounganishwa mwaka 1869, kazi ilivyoisha na hali ya uchumi ikawa mbaya wakaanza kuonekana wabaya. Mwaka 1882 ikapitishwa sheria ya kuzuia vibarua wa Kichina wasiingie Marekani, na ile sheria ilikaa mpaka 1943. Waliobaki na mwanya ni wachache, wafanyabiashara, wanafunzi, walimu, na watoto wa mtu aliye raia. Shika hapo kwenye watoto wa raia. Mwaka 1906 San Francisco ikapigwa na tetemeko na moto, kumbukumbu za vizazi zikaungua, kwaiyo Mchina aliyekua pale angeweza kusema mi nimezaliwa hapahapa, nani atabisha, karatasi ziko wapi? Akishakua raia anasema nina watoto wanne China, kumbe anao wawili, zile nafasi mbili anaziuza au anampa mtoto wa ndugu. Wakaitwa watoto wa karatasi. Baba kwenye karatasi, jina kwenye karatasi, na wengine waliishi na hilo jina mpaka wakafa nalo.

Serikali nayo sio wajinga. Kituo kikafunguliwa 1910, wakawa wanawahoji. Na hapa ndo nilikaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, kwasababu maswali yenyewe sio ya jina lako nani. Nyumba yenu ina madirisha mangapi? Mlangoni kuna ngazi ngapi? Safu ya pili nyumba ya tatu anakaa nani? Pipa la mchele linakaa wapi? Kisima kiko umbali gani? Unakaa mbele ya maafisa, karani anaandika kila neno, mkalimani katikati, alafu baba yako aliyeko San Francisco naye anaulizwa yaleyale, majibu yasipofanana unarudishwa. Hata mtoto wa kweli wa kuzaa angeweza kufeli. Kwaiyo watu walikua wanakariri vitabu vya majibu njiani kwenye meli, wakikaribia wanavitupa baharini, na wapishi wa Kichina pale kituoni walikua wanapenyeza vikaratasi vya majibu ndani ya chakula. Hapo mama alicheka kweli.

Alafu akanyamaza. Akaniambia unakumbuka mimi dirishani kwa viza waliniuliza nini? Nakumbuka. Waliuliza una watoto wangapi akajibu saba. Fomu niliyomjazia mi mwenyewe imeandika wanne. Wale watatu ni wa mama mdogo, marehemu, mama kawalea tangu wana miaka mitatu mitatu, hajawahi kuwaita watoto wa mdogo wangu hata siku moja, na mtu akimuuliza ghafla hawezi kuanza kuwatenga pale. Akaulizwa mara mbili, akajibu saba mara mbili. Ikabidi aeleze mpaka kaburi la mdogo wake liko wapi. Alipewa lakini sijui kwanini mi nilikua sijawahi kuiwaza hiyo siku kwa upande wake, nilikua nacheka tu kwenye simu nikisema mama ungesema wanne bwana yaishe.

Mabweni ndo sehemu ambayo usiikose, kuna kiingilio kidogo cha peke yake. Vitanda vya chuma vya ngazi tatu vimening'inia kwenye nguzo, vimebanana, wameweka masanduku na nguo zimeanikwa kama watu wametoka kidogo watarudi. Wanaume kwao na wanawake kwao, hata mume na mke hawaonani. Nje uzio wa waya. Kule Ellis Island, kituo cha wahamiaji cha New York, wengi walipita kwa masaa, huku ilikua wiki, wengine miezi, na kuna waliovuka mwaka.

Na kuta. Kuta zimechongwa mashairi, ya Kichina, kwa mtindo wa ushairi wao wa zamani, na wamepata zaidi ya 200. Wengi hawakuweka jina kwa kuogopa. Wenye kituo wakawa wanaziba kwa lipu ya mbao na kupaka rangi juu, watu wanachonga tena. Jengo la utawala liliungua 1940, kituo kikahama, jeshi likatumia mahali hapo, baadae yakabaki magofu ya kungoja kubomolewa, mpaka 1970 askari wa hifadhi anaitwa Alexander Weiss akaingia na tochi akaona maandishi. Yasingekua macho yake pale sasa hivi pangekua eneo la kupigia kambi. Ukifika kaa pembeni ya ukuta, uutazame kwa ubavu, ukisimama mbele moja kwa moja mwanga unakudanganya unaona rangi tu. Mama alikua anapitisha kidole hewani kufuata herufi bila kugusa (USIGUSE, wanasema kabisa), herufi hata moja haijui, akauliza huyu alikua anamwandikia nani sasa.

Hospitali ya zamani nayo wameifanya makumbusho toka 2022, tulipita harakaharaka kwasababu muda ulikua unatuishia. Pale ndo walikua wanapimwa, hadi choo kubwa, ukikutwa na safura au minyoo ya ini unaweza kurudishwa. Kwa watu waliotoka vijijini kwenye mashamba ya mpunga, fikiria. Tengeni angalau masaa mawili kwa mabweni na hospitali, sisi tulikua na saa moja na nusu haikutosha, na hilo ni kosa la zile chapati.

Kama kisiwa kimekushinda, au mvua, pale Chinatown ya San Francisco kuna makumbusho ya Chinese Historical Society of America, Clay Street namba 965, jengo la matofali la mwaka 1932, ramani yake ilichorwa na msanifu majengo Julia Morgan. Historia yote kwa ujumla unaipata pale bila kupanda kilima. Ila ukitaka kuelewa kile kitendo cha kukaa unauona mji na huwezi kuufikia, ni kisiwani tu.

Watoto wadogo sana nisingewapeleka, wangu wa miaka tisa alikaa sawa, wa minne aliboreka akataka kwenda kuona kulungu. Picha unapiga bila flash.

Kwenye boti ya kurudi nikamuuliza mama kwa utani, haya na wewe, nyumba yetu ya Lushoto mlangoni ina ngazi ngapi? Akasema tisa. Mi nilikua na uhakika ni sita, nimezikalia utoto mzima. Tukampigia kaka, kule usiku mkubwa, shikamoo kaka samahani kukuamsha, mlangoni kwa mama kuna ngazi ngapi? Kimyaaa, alafu akasema saba, alafu akauliza nani kafa. Tukaipeleka kwenye grupu la familia, kuna anayesema nane ukihesabu ile iliyovunjika. Binamu yangu aliyepo pale Lushoto aliahidi kwenda kupiga picha asubuhi. Hajatuma mpaka leo.