Wimbo wa henza na wimbo wa duara
Katika merikebu za biashara za karne ya 19, kuvuta henza, yaani kamba ya kupandishia foromali (mti unaobeba tanga), ilikuwa kazi ya mikupuo. Manju aliimba mstari peke yake huku wenzake wakipumua na kusogeza mikono kwenye kamba. Kiitikio kilipofika walivuta pamoja, kwa kawaida mara mbili, kila mvuto ukiangukia silabi yenye mkazo. Manju akiharakisha, mikono huwa haijashika sawasawa, mivuto inapishana na foromali haipandi. Akikawia, watu wanachoka kwa kushikilia uzito bure.

Duara la kung'olea nanga, yaani mtambo wa kuzungushwa unaokunja kamba au mnyororo wa nanga, ni jambo jingine. Watu walisukuma miti iliyochomekwa kwake wakitembea kwa kuzunguka bila kukatisha, hivyo wimbo ulifuata hatua za miguu, na kiitikio kirefu kilifaa. Makosa yalisameheka zaidi, maana vyuma vya kuzuia vilikataza duara lisirudi nyuma. Nanga ikigoma kutoka, mwendo ulipungua, na wimbo nao.

Kwa henza ningechagua manju mwenye mapigo makini. Kwa duara, mwenye beti nyingi kichwani. Sauti tamu? Si lazima kokote.