Madurodam, Den Haag: nilidhani ni mji kumbe ni jina la mtu

Haya jamani, wikiendi hii nimempeleka shangazi Madurodam, kaja kunitembelea kutoka Tanga na madukani nilishachoka kumzungusha. Kwa wasiopajua, ni bustani ipo Den Haag, wameitengeneza Uholanzi kwa vijumba, kila kitu kimepunguzwa mara 25, yani ule mnara wa Dom wa Utrecht wenye mita 112 pale una kama mita nne na nusu, na vijitu vyake havikufiki hata kifundo cha mguu. Treni zinatembea, ndege za uwanja wa Schiphol zinakata kona zenyewe, na miti ni ya kweli kabisa, inapogolewa isikue. Shangazi kachuchumaa kwenye kajistesheni kamoja akagoma kuinuka, "subiri mwanangu, kuna mama kabeba mtoto hapa", na kweli alikuwepo, mdogo kama kidole, kajifunga koti.

Sasa kilichonifanya niandike ni hilo jina. Miaka yote najua Amsterdam ni tuta la kuzuia maji ya mto Amstel, Rotterdam tuta la mto Rotte, so nikajua na hapa kuna mto unaitwa Maduro. Hakuna mto! Shangazi naye kauliza, Maduro yule wa Venezuela? Nikacheka, ila hakuwa mbali sana maana George Maduro alizaliwa Curaçao 1916, kisiwa kipo hapo hapo jirani na Venezuela. Alikuwa Myahudi, kaja Uholanzi kusoma sheria chuo cha Leiden, vita vikamkuta, Mei 1940 akapigana na askari wa Kijerumani walioshuka kwa parachuti karibu na Den Haag, baadaye akaingia kwenye upinzani wa chinichini, wakamkamata, na Februari 1945 akafia Dachau, kambi ya mateso ya Wanazi kule Ujerumani, kwa homa ya tifasi, miezi michache tu kabla vita havijaisha. Wazazi wake ndio waliotoa hela ya kuanzia bustani ili iwe kumbukumbu ya mtoto wao, ikafunguliwa Julai 1952, na faida ilikusudiwa kusaidia wanafunzi waliokuwa wanaugua kifua kikuu. Meya wa kwanza wa huo mji wa vidoli alikuwa Princess Beatrix, binti wa malkia wa Uholanzi, ana miaka 14!

Kwa hiyo ile "dam" wameibandika tu ili isikike kama mji. Na siku hizi Waholanzi kitu kikiwa kidogo cha kuchezea wanakiita hivyo hivyo, madurodam. Shangazi kasema sisi kwenye Kiswahili hatukuhitaji jina la mtu, tulishachukua neno mji tukalipunguza likawa kijiji, basi. Mwalimu mstaafu huyo, usimbishie.

Nyota 5. Pale kipo pia kijumba cha familia ya Maduro cha Curaçao, watu wengi wanakipita wanakimbilia ndege, msikipite. Tiketi kateni mtandaoni mapema, tramu namba 9 inawashusha pale pale. Na koti lazima, ni wazi kote na bahari iko karibu, mimi nilijifanya mzoefu nikaenda na shati, nikaishia kujifunika khanga ya shangazi mbele ya wajukuu wa watu.