Kozi ya jioni ya kusoma hesabu za kampuni: je, inastahili ada yake?

Mafunzo haya ya jioni tatu, yaliyotolewa jijini Nairobi kwa wenye hisa wadogo, yanastahili ada yake hasa kwa sababu ya jioni ya pili, ambapo mkufunzi alieleza jinsi sheria inavyobadilisha mbinu za kurembesha faida badala ya kuzikomesha. Alianzia Marekani: baada ya Enron, kampuni ya nishati iliyoficha madeni yake, kuanguka mwaka 2001, sheria ya Sarbanes-Oxley ya mwaka 2002 iliwalazimu mkurugenzi mkuu na mkuu wa fedha kuzithibitisha hesabu kwa saini zao, nazo kampuni zikapunguza kucheza na makadirio ya madeni na ya uchakavu wa mali, lakini zikazidi kukata bajeti za matangazo na utafiti, au kuuza kwa punguzo mwishoni mwa mwaka, ili lengo la faida litimie. Mbinu hiyo ya pili haivunji kanuni ya uhasibu, na kwa maoni yangu ndiyo inayomwumiza zaidi mwenye hisa, kwa kuwa inakula mbegu ya msimu ujao.

Sehemu ya Kenya ilikuwa fupi mno. Tulielezwa kwamba kampuni iliyoorodheshwa sokoni hutakiwa kutoa onyo mapema ikiwa faida yake ya mwaka inatarajiwa kushuka kwa angalau asilimia 25, lakini swali langu, kama mpaka huo hauwashawishi wakurugenzi kupanga hesabu ili anguko liishie asilimia 24, lilipitiwa juujuu. Jioni ya tatu, iliyohusu programu za kompyuta, unaweza kuikosa bila hasara. Chai, walau, ilikuwa ya maziwa.