Uzoefu wangu na OpenTTD: jinsi mgodi wa makaa ulivyonifundisha kusubiri mzigo

"Uzalishaji wa makaa ya mawe umeshuka kwa asilimia 18." Gazeti la ndani ya gemu lilichomoza chini ya skrini na habari hiyo, na haikuwa mara ya kwanza. Mgodi wangu ulianza mwaka 1950 ukitoa tani 126 kwa mwezi. Kufikia 1962 ulikuwa unatoa 72. Niliumia kweli, kwa sababu kila kitu nilikuwa nimekifanya: barabara nimejenga, kituo nimejenga, malori nimenunua kwa mkopo wa benki, na makaa yalikuwa yanafika kwenye kituo cha kufua umeme na hela inaingia. Nilidhani gemu ina hitilafu. Haikuwa nayo. Mgodi ulikuwa unanijibu kulingana na huduma niliyoupa.

Kwa asiyeijua, OpenTTD ni gemu ya kuendesha kampuni ya usafirishaji: malori, treni, meli na ndege. Ni uundaji upya wa Transport Tycoon Deluxe ya Chris Sawyer iliyotoka 1995, ulioanza 2004, na ni ya bure kabisa, programu huria. Mwaka 2021 iliingia pia Steam, duka la gemu la mtandaoni. Faili lake ni dogo, bando langu halikutikisika, na laptopu yangu ya zamani inaiendesha bila kupata joto. Hayo nayapitia haraka maana mtu yeyote atayaona siku ya kwanza. Kilichonishika mimi ni viwanda.

Mimi ni karani wa ghala, kutwa nashinda na vitabu vya kuingiza na kutoa mali, kwa hiyo jicho langu lilikwenda kwenye namba. Ukibofya mgodi unaonyeshwa tani zilizozalishwa mwezi uliopita na asilimia iliyosafirishwa. Jambo la kwanza lililonitatiza ni kuona mwezi huu 112, mwezi unaofuata 126, kisha 112 tena, wakati hakuna kilichobadilika. Kumbe mgodi hautoi makaa kila siku. Unatoa kwa mizunguko, na mwezi unaingiza mizunguko minane au tisa. Wangu ulikuwa unatoa tani 14 kila mzunguko: minane ni 112, tisa ni 126. Nilipoligundua hilo niliacha kuhangaika na mabadiliko ya mwezi kwa mwezi.

Kinachohangaisha ni ile asilimia. Kila stesheni ina alama yake kwa kila aina ya mzigo, na alama hiyo ndiyo inayoamua ni sehemu gani ya makaa itafika kwenye stesheni yako. Yanayobaki hayakusubiri, yamepotea. Mzigo wenyewe hauanzi kuletwa mpaka gari la kwanza lifike kuuchukua, na alama inaanzia asilimia 69. Baada ya hapo inapanda au kushuka kwa mambo machache: siku zilizopita tangu gari la mwisho lipakie, tani zilizorundikana, kasi ya gari lililopakia mwisho, na umri wa gari hilo. Ukijenga sanamu ya kampuni yako katika mji unaomiliki eneo hilo, unaongezewa asilimia 10.

Zito kuliko yote ni siku za kusubiri. Kama gari halijapita wiki tatu nne, unapata asilimia 20 tu kwa kipengele hicho. Gari likiwa linapakia muda wote, unapata 51. Mrundikano ukiwa mdogo, chini ya tani 60 hivi, unaongezewa 16. Sasa tazama malori yangu: yalikuwa yanakwenda kilomita 48 kwa saa, lori moja linabeba tani 20, yamezeeka, na niliyaamuru yafike, yachukue kilichopo, yaondoke. Yakawa yanafuatana kama msafara, kisha kituo kinakaa kitupu karibu mwezi mzima. Ishirini na kumi na sita ni thelathini na sita. Kwa kuwa namba hizo zimekadiriwa, stesheni yangu ilikuwa inasoma asilimia 35, miaka nenda miaka rudi.

Na hapa ndipo penye siri ya gemu nzima. Katika mpangilio wa kawaida wa uchumi wa gemu, ule wa mabadiliko ya taratibu, kila mwezi kuna nafasi ndogo, kama asilimia 4.5, kwamba uzalishaji wa mgodi utabadilika kwa asilimia 3 hadi 23. Utapanda au utashuka? Ukisafirisha zaidi ya asilimia 60, mara mbili kati ya tatu unapanda. Ukiwa 60 au chini yake, mara mbili kati ya tatu unashuka. Ukivuka 80, unapanda mara tano kati ya sita. Basi mimi na 35 yangu nilikuwa naukaba mgodi pole pole kwa miaka kumi na miwili, huku nikifurahia hela ya kila safari.

Nilianza upya kwenye ramani ileile. Safari hii niliweka reli, treni mbili za mvuke, na amri moja tu iliyobadilisha kila kitu: ijae ndipo iondoke. Kama daladala ya stendi, moja haitoki mpaka ijae, na ikitoka nyingine inaingia palepale. Alama ikasimama kwenye 67, nilipojenga sanamu ikawa 77, na nilipobadilisha injini kuweka mpya zenye kasi ikavuka 80. Kufikia 1972 mgodi uleule ulikuwa unatoa tani 234. Niliongeza treni ya tatu kabla makaa hayajaanza kurundikana, nikapanua stesheni, na bado ule mstari ndio ulionilipia viwanja vya ndege.

Mnyororo wa viwanda vingine nao unafuata mantiki ileile, ila hasara inajirudia. Madini ya chuma yanakwenda kiwanda cha chuma, chuma kinakwenda kiwandani kuwa bidhaa, bidhaa zinakwenda mjini. Kila hatua ina stesheni yenye alama yake. Ukiwa na 60 kila mahali, kati ya tani 100 za madini zilizochimbwa unafikisha mjini takriban 22. Nilipopiga hesabu hiyo kwenye karatasi niliacha kujenga mistari mipya mwaka mzima wa gemu, nikarekebisha ya zamani.

Yapo yasiyonipendeza. Kituo cha umeme kinameza makaa na hakitoi chochote. Hakuna kiwanda kinachohitaji ule umeme. Kiwanda cha bidhaa kinapokea chuma, nafaka au mifugo, na kimoja tu kikifika bidhaa zinatoka, kana kwamba ng'ombe na chuma ni malighafi moja. Visima vya mafuta kwenye ramani za hali ya hewa ya wastani uzalishaji wake hauwezi kupanda, unashuka tu, hata uvihudumie vipi. Anayeanza hawezi kujua hilo, anaweza kutumia mtaji wote huko. Gemu ilipaswa kumwambia.

Kwa mtu aliyeshazoea, ushauri wangu ni kupakua FIRS, seti ya viwanda inayopatikana bure ndani ya gemu yenyewe. Humo migodi inakua ukiipelekea vifaa vya kazi, kwa hiyo treni hairudi tupu kila mara. Lakini usianze nayo. Minyororo yake ni mirefu, na bila kuielewa ile alama ya stesheni utapotea.

Kwa sasa nacheza ramani ya kitropiki. Miji ya jangwani haikui mpaka ipate maji na chakula, vyote viwili. Maji nimeshayafikisha, treni ya matangi inasubiri ijae chini ya chanzo chake kama nilivyojifunza kwenye makaa. Chakula kinategemea shamba la mahindi lililo ng'ambo ya mlima, na jana usiku nimemaliza kuchimba handaki. Stesheni ya shamba inasoma 69, treni ya kwanza imeanza kupakia.