Kujadili mbinu za utafiti: kabla ya kwenda uwandani au baada ya matokeo?

Semina ya matokeo ndiyo iliyozoeleka vyuoni: slaidi dakika 40, maswali dakika 10, kisha chai. Ubaya wake, kosa likionekana, data zimeshakusanywa na fedha zimekwisha. Chukua swali la dodoso: "Jana ulikula mlo wa kwanza saa ngapi?" Mhojiwa anajibu "saa mbili", karani mmoja anaandika 2:00, mwenzake 8:00. Data zikishachanganyika hivyo, hakuna hesabu ya kuzinyoosha.

Kikao cha mbinu huja mapema. Sambaza dodoso na mpango wa uchambuzi, kurasa mbili au tatu, siku saba kabla. Waalike na makarani wa uwandani. Wao ndio wanaojua swali gani huwachekesha watu. Kila pingamizi liandikwe pamoja na jibu lake. Cortex, jarida la sayansi ya ubongo, lilikwenda mbali zaidi mwaka 2013: likaanza kupitia mpango wa utafiti na kuukubali kabla data hazijakusanywa.

Kinachoangusha vikao hivi ni cheo. Profesa akitangulia kusema, wanafunzi wote kimya. Aanze mdogo.

Semina ya matokeo bado inafaa, ila kwa kubishania tafsiri ya matokeo tu.