Kushikisha Mark X na Altezza barabarani bila kuumiza kiuno: nini kinunuliwe kwanza

Mwenye Mark X, Altezza au Impreza akiona gari inalala kwenye kona, wazo la kwanza huwa ni kuishusha. Kwa Tabora na Kigoma, hilo liwe wazo la mwisho. Matuta, rasta na mashimo ya mitaani yanataka mguu wa gari uwe na nafasi ya kupanda na kushuka, kisha utulie mara moja. Ndiyo maana tunaanza na vitu vidogo.

Namba moja ni mpira na viungio: bushi za wishboni (mipira ya mikono inayoshika gurudumu), linki za stablaiza (chuma kinachozuia gari kulala), na boljointi kama zina mchezo. Mark X ya 2005 yenye bushi ilizotoka nazo kiwandani usiiwekee shokapu za bei mbaya. Usukani utaendelea kuchelewa, na ukikanyaga breki gari itavuta upande. Chukua bushi za mpira wa kawaida. Zile ngumu za poliyurethini zinashika kweli, lakini zinaleta kila kokoto hadi kwenye kiti, na grisi ikikauka zinalia.

Kwenye kufunga ndipo pesa inapopotea. Fundi hukaza bolti za wishboni gari ikiwa juu ya jeki, miguu inaning'inia. Bushi ya mpira haizunguki, inajipinda. Ikikazwa hivyo, gari ikishuka chini inabaki imepindwa saa zote, na itachanika mapema sana. Mwambie azishikize tu bolti, aweke jeki chini ya wishboni apandishe mguu hadi kimo chake cha kawaida, ndipo akaze. Simama hapo hapo uone.

Hapo hapo angalia tairi. Saizi ya 215/60R16 ina ukuta wa pembeni wa milimita 129, 225/45R18 ina 101. Hizo milimita 28 ulizozitoa ili rimu ionekane ndizo zilizokuwa zinakula mashimo. Upepo fuata kibandiko cha mlango wa dereva.

Namba mbili, na kwa watu wengi safari iishie hapa: shokapu mpya juu ya springi za kiwandani. KYB Excel-G zinarudisha gari ilivyokuwa mpya. KYB New SR Special, kama zipo za modeli yako, ni ngumu kidogo na zinafaa anayependa kukata kona. Nunua nne, au angalau mbili za ekseli moja, pamoja na mpira wa kuzuia kugonga, buti la vumbi na maunti (kishikio) ya juu. Shokapu za mtumba ziache: sili zake zimezeeka sawa na gari lilikotoka. Dukani isimamishe wima, ikandamize taratibu hadi chini. Ya gesi inapanda yenyewe polepole; ikiwa na sehemu inayoteleza bila ukinzani, au mafuta shingoni, irudishe. Fundi asishike fimbo yake kwa koleo, maana mkwaruzo mmoja tu unakata sili.

Namba tatu, stablaiza baa nene. Watu huisahau, nayo ndiyo inayopunguza kulala bila kuongeza ugumu pale magurudumu yote mawili yanapopanda tuta pamoja. Ugumu wake unaongezeka haraka kuliko unene: kutoka milimita 22 hadi 24, chuma kile kile, ni kama asilimia 40 zaidi. Hasara yake ni shimo la upande mmoja, gari litatikisika zaidi.

Namba nne ni shokapu za Bilstein au Koni. Nzuri, ila ghali, na kwa mwendo wa mjini hutaiona tofauti ya pesa hiyo.

Springi fupi ni namba tano. Zisizidi kushusha milimita 20 hadi 30, tena kwa shokapu zinazoziweza, la sivyo gari inadunda. Koilova (shokapu na springi pamoja, kimo kinarekebishwa kwa nyuzi) za bei rahisi ziko mkiani: vumbi na matope hukamata nyuzi zake, halafu hazirekebishiki tena.

Kukata springi hakumo kwenye orodha. Springi ya mizunguko sita inayofanya kazi ukiikata mmoja inakuwa ngumu kwa asilimia 20 huku nafasi imepungua, na mguu ukining'inia inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake.

Unapoagiza Kariakoo, tuma namba ya chesisi, usiseme tu “Mark X”. GRX120 na GRX125 zinafanana kwa macho, lakini ya pili inavuta magurudumu yote manne na shokapu zake za mbele ni nyingine. Ukishafunga, fanya alaimenti kabla ya safari ndefu. Toe, yaani tairi zinavyoelekeana ukizitazama kutoka juu, ikikaa vibaya, tairi zitaliwa pembeni kabla hujaifaidi kazi.